Siku Tuliyongoja Plamedi Ajambe

Ninapoandika haya, Plamedi amekaa chini ya meza ya cherehani yangu akitafuna utepe wa kupimia. Sentimita kumi za mwanzo ameshazifuta kwa meno, na wateja wa mwezi huu wakiona nguo zinawabana, wajue nani wa kumlaumu. Ana mwaka mmoja na miezi minane. Ana mashavu, ana kelele, ana tumbo la mkubwa wa kazi. Ukimwona leo huwezi kuamini kwamba msimu wa uyoga uliopita nilimbeba mikononi akiwa amelegea, midomo imepauka, na mimi sijui kama nitarudi naye nyumbani.

Naandika kwa ajili ya mama mwenye mtoto mdogo anayelia, ananyamaza, analia tena, huku kila mtu akimwambia ni meno. Mimi pia niliambiwa ni meno. Niliambiwa ni baridi, ni minyoo, ni maziwa yangu yaliyopata jua nilipokuwa sokoni. Mambo ya kitaalamu siyajui. Mimi nimesomea kushona. Nitasimulia niliyoyaona kwa macho yangu, pamoja na jambo moja ambalo nimelificha mwaka mzima. Tukifika hapo, utanivumilia.

Tunakaa Manika, hapa Kolwezi. Chumba cha mbele ndicho karakana yangu. Mume wangu Kalonji ni dereva wa lori la madini, anapita Tenke kwenda na kurudi, na nyumbani anaonekana kila baada ya wiki mbili. Anayekaa nami kila siku ni mama yake, ambaye mtaa mzima unamwita Kaku, yaani bibi, kwa lugha ya Wakasai. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na Kaku alizaliwa hapa hapa. Ni mfupi, ana sauti ya kuita treni, na amelea watoto saba. Tulikuwa tunapendana kwa namna ya mkwe na mkwe, kila mtu na sufuria yake.

Nyuma ya mlango wa jikoni la Kaku kulikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia poire. Usiyeijua: ni puto la mpira lenye mdomo mwembamba, unalijaza maji ya dawa na kuyaingiza kwa mtoto kwa njia ya nyuma. Tunaita lavement. Kwetu mtoto akikosa choo, lavement. Akiota meno, lavement. Akimkodolea mgeni macho vibaya, lavement. Dawa ya Kaku ilikuwa gome la mulombwa, mti ambao ukiukata unatoa utomvu mwekundu, na gome lenyewe aliletewa kwa treni kutoka Mutshatsha. Alilichemsha hadi maji yakawa mekundu, akayaweka kwenye chupa. Kalonji na ndugu zake sita wote walipita kwenye poire hiyo, na wote wako hai, jambo ambalo Kaku hakuchoka kunikumbusha.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshuka na wamama walikuwa wameanza kupita na mabeseni ya uyoga. Plamedi, miezi minane, alikuwa ametoka kwenye mafua ya wiki nzima, anacheka tena, anavuta tena hereni zangu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa: ukimbeba tu, mkono uko sikioni. Jumanne asubuhi nilimnyonyesha, nikamlaza kwenye mkeka, nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa na blauzi kumi na mbili za kikundi cha wamama wa kanisa, na sikukuu yao ilikuwa Jumapili.

Akapiga yowe. Kilio cha njaa nakijua na kilio cha hasira nakijua, na hiki hakikuwa chochote kati ya hivyo. Alikunja magoti mpaka tumboni, uso ukabadilika rangi, akalia kama mtu anayeminywa. Nikamnyanyua, nikamtikisa, nikaimba. Baada ya muda mfupi akanyamaza mwenyewe, akanitazama, akashika hereni. Nikajiambia basi, limepita.

Mama mwenzangu, hapo ndipo ugonjwa huu unapokudanganya. Kati ya kilio na kilio, mtoto anapumzika. Mwanzoni hata anatabasamu. Wewe unapumua, unarudi kazini, unajiona mjinga kwa kuogopa.

Nilishona mkono mzima wa blauzi, akalia tena, magoti tumboni. Kisha akapumzika. Nikashona mkono mwingine, akalia tena. Ni mazoea ya fundi kuandika kila kitu, basi nilichukua karatasi ya kukatia nguo, na kila alipolia nikachora mstari kwa chaki, na pembeni nikaandika nilikuwa nimefika wapi: mkono, mkono, nusu mkono, kola. Baadaye niliweza kutunga uzi kwenye sindano tu, naye ameshaanza. Karatasi ile bado ninayo, nimeikunja kwenye Biblia.

Akatapika maziwa. Kaku akaingia na poire mkononi.

"Mama Plamedi, lete uyu mutoto. Tumbo yake imefunga. Nitamusafisha paka kidogo, kidogo tu."

"Kaku, jana alikunya muzuri."

"Jana iko jana."

Nilibisha? Sikubisha. Nilikuwa nimechoka, na Kaku alikuwa amelea saba, mimi nilikuwa na mmoja. Nilimlaza mapajani, nikashika miguu yake miwili, na Kaku akaingiza maji. Yakatoka na choo kidogo, Plamedi akanyamaza, akalala. Kaku akaning'iniza poire msumarini kama askari anayerudisha bunduki.

Saa sita akaamka analia, na safari hii alitapika kijani. Nilipofungua nepi niliona wekundu.

"Damu, Kaku!"

Akainama, akatazama, akanicheka kwa upole kabisa. "Usiogope. Ni mulombwa yangu njo inatoka. Ingekuwa damu, mi ningeijua. Nilizalaka batoto saba."

Nikampigia Kalonji. Alikuwa njiani, injini inanguruma. "Sikiliza mama," akasema, "anajua batoto." Nilikata simu nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Nikamfunga mtoto mgongoni, tukaenda wote wawili, mimi na Kaku, kwenye zahanati ndogo ya mtaani. Bahati mbaya Plamedi alifika akiwa kwenye mapumziko yake. Muuguzi alimkuta ametulia, hana homa, akauliza amekula nini, akasema huenda ni amiba, akatupa dawa ya maji. Simlaumu. Alimwona kati ya kilio na kilio, na nepi chafu tulikuwa tumeiacha nyumbani. Na kuhusu poire tulikaa kimya wote wawili, maana kila mama wa hapa anajua: ukitaja lavement mbele ya wauguzi, utagombezwa mpaka foleni nzima ikusikie.

Tuliporudi nyumbani, nepi ya pili ilikuwa nyekundu kuliko ya kwanza.

Sasa hapa nashukuru ufundi wangu. Miaka kumi na mmoja nimeshika vitambaa. Najua rangi inavyoingia na inavyokataa kuingia. Nilimwomba Kaku chupa yake ya mulombwa, nikachovya kipande cha bitana nyeupe, nikakitandika kando ya nepi kwenye meza. Mulombwa ulikuwa umezama ndani ya nyuzi, umetanda sawasawa, rangi ya chai kali. Ile ya kwenye nepi ilikaa juu ya kitambaa. Ilikuwa nyekundu kweli kweli, ina ute, ukiigusa inavutika kama dongo-dongo, ile bamia ya kuteleza.

Kaku alivaa miwani yake. Akatazama bitana, akatazama nepi, akarudi kwenye bitana. Nilimwona akizeeka pale pale mbele yangu.

"Hii hayiko mulombwa yangu," akasema. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Vala kitenge. Tunaenda ku lopitali."

Alitupia vitu kwenye kikapu chake, mimi nikakunja karatasi yangu ya chaki, tukapanda pikipiki moja wote watatu. Mwendesha pikipiki alitaka kutukwepesha madimbwi, Kaku akampiga begani: "Pita mulemule, tata, pita mulemule!" Tulifika tumelowa matope mpaka magotini.

Sebule ya kungojea ilijaa. Mabenchi manne, wamama, watoto, chupa za uji. Plamedi sasa hakuwa analia sana, na hilo lilinitisha kuliko yowe. Alikuwa mzito, baridi kidogo, macho nusu. Nilisogeza sikio langu karibu na mkono wake, hereni ikamgusa vidole, hakuishika. Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu, mwenye mtoto aliyefungwa plasta mguuni, alitutazama.

"Uyu mutoto ananyamaza hivi?" akasema. "Pita mbele, mama. Wangu muguu umeshavunjika, hautavunjika tena." Alikuwa amengoja tangu asubuhi. Mpaka leo nikimwona sokoni namsalimia kwa mikono miwili.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Dokta Mireille. Alimgusa Plamedi tumbo, taratibu, akasimamisha vidole upande wa kulia. Akauliza ilianza lini. Nilipokunjua karatasi yangu aliisoma tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, mkono, mkono, nusu mkono, kola, sindano. "Umeandika weye?" akaniuliza. Nikaitikia. Aliagiza sindano ya mshipa na serum, yaani dripu, papo hapo, muuguzi akatafuta mshipa mkononi, akaukosa, akaupata mguuni. Wakampeleka eko, mashine inayoonyesha ndani ya tumbo kwenye skrini. Tuliporudi, Dokta akavuta kiti, akakaa mbele yetu.

"Mama, nataka munijibu bila haya. Mulimutia kitu ku njia ya nyuma? Lavement, majani, dawa ya nyumba?"

Nikasema: "Apana, Dokta."

Hilo ndilo jambo langu. Lilitoka haraka, bila kufikiri. Niliogopa kugombezwa. Niliogopa kumwaibisha Kaku aliyekaa pembeni yangu. Na zaidi niliogopa kwa sababu ile miguu niliishika mimi.

"Bon," akasema Dokta. Akavuta mkono wa koti lake jeupe, akauingiza ndani yake wenyewe, kama mtu anayegeuza shati kuanzia kiwiko. "Utumbo ya mutoto imefanya hivi. Kipande moja imeingia mu ingine, na inaminywa. Njo maana analia, njo maana ya damu. Tunaweza kuisukuma irudi, na maji, polepole, mi nikiangalia ku eko. Maji ikikataa, tutapasua, na chirurgien ameshaitwa. Lakini kama utumbo ingekuwa imeunguzwa na dawa fulani, maji ingeweza kuitoboa. Njo maana niliuliza."

Nilielewa kila neno. Mimi ni fundi, mkono uliojimeza naujua. Nilifungua mdomo ili niseme ukweli, na mdomo ukabaki wazi, hakuna kilichotoka. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Kaku akasimama. Alikuwa bado ana matope miguuni.

"Dokta, tulikudanganya. Mi nilimupatia. Leo asubuhi, mara moja." Akafungua kikapu, na juu ya meza ya hospitali akapanga, kimoja kimoja, chupa ya mulombwa, poire, na nepi mbili zilizokunjwa kwenye mfuko. Alikuwa amezibeba tangu nyumbani. "Munukie, muonje, muangalie. Uyu muke wa mwana wangu hayuko na kosa. Hakuwapo. Alikuwa anashona."

Dokta Mireille alinusa chupa. "Ulichanganya na nini? Pilipili? Sabuni?"

"Paka mulombwa na maji. Pilipili ku mutoto? Mi siko muchawi."

Muuguzi aliyekuwa mlangoni akacheka, kisha akakohoa ili kuficha. Dokta hakucheka, lakini hakugombeza pia. Alirudia kumgusa Plamedi tumbo kila upande, akaagiza radio, yaani eksirei, akaitazama picha kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu, yeye na chirurgien, daktari wa kupasua, mzee mmoja mwembamba. Tumbo lilikuwa bado laini. Hakukuwa na hewa iliyovuja. "Tutajaribu maji," akasema. "Lakini sasa nitaenda polepole zaidi, na sale ya kupasulia iko tayari. Aksanti, Mama. Umenifungua macho."

Nilimpigia Kalonji nikamwambia huenda mtoto atapasuliwa. Hakusema asikilizwe nani. Nilisikia akizima injini.

Waliniruhusu kushika mabega ya Plamedi. Kaku alisimama nyuma yangu, akatazama mfuko wa maji ulioning'inizwa, akafuata mrija kwa macho mpaka ulikoishia, akarudi juu, akafuata tena.

"Dokta," akasema, "lakini hii si ni lavement?"

"Iko lavement, Mama."

"Aaah!"

"Yangu iko na macho," Dokta akamjibu bila kugeuka, kidole kwenye skrini. "Yako inaingia kipofu. Na leo njo mwisho yake."

"Eyowa," akasema Kaku, yaani ndiyo, sauti ya mtoto wa shule.

Kwenye skrini niliona duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Maji ya kwanza yalipanda, yakasukuma, duara likasogea kidogo, likagoma. Tukangoja. Likagoma kabisa. Dokta akayaondoa, akamwacha mtoto apumzike, akajifuta uso kwa kiwiko. Kaku alikuwa anaomba kwa Kiluba cha Kasai, midomo tu. Mimi sikuomba, nilikuwa nahesabu vidole vya Plamedi, kumi, na kuanza upya.

Maji ya pili. Duara likasogea, likapungua, likasimama, nikafa, likasogea tena. Kisha ghafla maji yakapita. Ni kama unapofungua bomba lililoziba: yote yakaenda mbele, na lile duara halikuwapo tena. Dokta Mireille aliachia pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu mwanzo.

"Voilà," akasema. "Imetoka. Sasa tunangoja."

"Tunangoja nini?"

"Ajambe. Na nyuma yake, akunye. Akijamba, tutajua njia iko wazi."

Basi tukakaa kungoja ushuzi. Jua lilikuwa bado halijazama, mwanga unaingia pembeni mwa pazia la wodi. Mimi upande mmoja wa kitanda, Kaku upande mwingine, muuguzi anapita kila mara: "Tayari?" "Bado." Yule mama wa mtoto wa plasta, ambaye mtoto wake sasa amelazwa kitanda cha tatu, naye anauliza: "Tayari?" "Bado." Kalonji alipiga simu, nikaiweka sauti ya juu. Alikuwa amesimama Tenke kwenye mizani ya malori, na madereva wote wa foleni walishajua habari, nilisikia sauti ya mmoja akiuliza nyuma yake kwa unyenyekevu mkubwa: "Bado hajajamba, uyu papa mukubwa?"

Ukatoka. Mlio mmoja, mfupi, mkavu, wa kiume.

"Maweja!" Kaku akapiga kelele, akimwita Mungu, mikono juu. Kalonji kwenye simu: "Nini? Kuko nini? Semeni!" "Amejamba!" nikalia, na sikujua kama nalia au nacheka, "Papa Plamedi, mutoto amejamba!" Nikasikia honi. Lori moja, halafu la pili, halafu sijui mangapi, Tenke nzima inapiga honi kwa ushuzi wa mwanangu. Wodi ikapiga makofi. Muuguzi alitoa kalamu, akaangalia saa, akaandika kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, kwa sababu kitu kama hicho kinaandikwa.

Tulilala pale siku mbili, maana Dokta alisema utumbo unaweza kujimeza tena, hasa mwanzoni. Siku ya kwanza hakuruhusiwa kunyonya. Maziwa yalinijaa, blauzi imelowa, kifua kinauma hata nikipumua; Kaku alikuwa ananikanda na kitambaa cha maji ya moto, yeye ambaye kabla ya hapo hatukuwahi hata kushikana mikono. Asubuhi ya siku ya pili nilipewa ruhusa. Plamedi alinyonya kwa pupa, na katikati ya kunyonya mkono ukapanda polepole, ukatafuta, ukakamata hereni. Akaivuta kwa nguvu zake zote. Sikio lilitoka damu kidogo, na sikuwahi kupata maumivu matamu namna hiyo.

Dokta alituaga mlangoni. Alisema tukiona tena kilio cha vipindi na magoti kukunjwa, au matapishi ya kijani, au ute mwekundu, au mtoto analegea bila sababu, tusingoje yote yafike. Moja linatosha kutuleta. Na poire, kamwe. "Na musitufiche," akaongeza. "Mukificha, tunafanya kazi mu giza." Alikuwa anamtazama Kaku. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Jumapili blauzi sikuwa nimezimaliza, kikundi kikavaa za mwaka uliopita, na hakuna aliyenuna. Wakati wa ushuhuda Kaku akapanda mbele. Aliinua poire juu ya kichwa mbele ya kanisa zima na kusema mambo yote: mulombwa, nepi, kiburi chake cha watoto saba. Alipofika kwenye kujamba, alijamba kwa mdomo kwenye maikrofoni ili watu waelewe vizuri. Mchungaji alishikwa na kikohozi. Wanakwaya waliinama kwenye mabenchi, mabega yakicheza. Kisha akamaliza kwa kusema kosa lilikuwa lake peke yake, mkwe wake hakuwapo, alikuwa anashona. Kalonji, ambaye alikuwa amerudi Ijumaa, aliushika mkono wangu, akaubana. Niliuacha mkono ubanwe.

Tangu siku hiyo wamama wanamletea Kaku watoto kama zamani, ila sasa wanakuta daktari wa maswali. "Analia, ananyamaza, analia tena? Anatapika rangi gani? Lete nepi nione." Kiangazi kilipofika, asubuhi ya baridi na vumbi, alimpandisha pikipiki mtoto wa muuza uyoga kwa sababu ya vipindi vya kilio. Ilikuwa sikio tu lililomuuma. Kaku alirudi anaimba. Na sisi wenyewe tulishakimbia mara moja, chai yangu ikabaki mezani. Plamedi alipofikishwa kwa Dokta Mireille alimvuta hereni na kucheka, hana lolote. Hakuna aliyetucheka. Poire sasa inapulizia makaa ya mbabula, jiko letu la mkaa, na inafanya kazi hiyo vizuri sana.

Jana Jumapili niliwasomea Kaku na Kalonji yote haya, uani, kuanzia utepe wa kupimia. Kaku alikuwa anabangua karanga. Nilipofika pale niliposema "Apana, Dokta," na kwamba miguu niliishika mimi, nilisogeza karatasi karibu na macho. Kalonji aliinua kichwa. Nilisoma mpaka mwisho, nikaweka karatasi mapajani, nikangoja.

"Mama," Kalonji akamuuliza Kaku, "ulijua? Mwaka muzima?"

"Mi njo nilikuwa na poire mu mikono," akasema Kaku bila kuacha karanga zake. "Nani alikuwa anashika miguu, mbuzi?"

Kalonji akanitazama. Nilidhani atasimama aondoke. Alicheka, kwanza puani, halafu kwa kifua kizima, akamnyanyua Plamedi, akamweka kwenye mapaja yangu, juu ya karatasi.

Kaku akapuliza maganda, akaninyooshea kidole.

"Lakini umekosea pahali moja. Pale ku kujamba, umeandika mara moja. Alijambaka mara mbili. Ya pili haukuisikia, ju ulikuwa unalia. Sahihisha."

Nasahihisha. Alijamba mara mbili.